Jinsi ya Kuchagua Neno la Kiingereza Pale Kiswahili Kinaposema "Zuia"

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka hapa Bagamoyo. Mezani kwangu hupita hati za mahakama, barua za wavuvi na wachuuzi, maelezo ya vibao vya watalii, maombi ya ufadhili ya vijana waliomaliza kidato cha sita. Katika hizo zote hakuna neno linalonisimamisha kama "zuia". Mvua imezuia, polisi wamemzuia, serikali imezuia, dawa inazuia, mama amejizuia asilie, mwajiri amezuia mshahara. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja na kuiachia habari nzima ieleze yaliyobaki. Kiingereza kinakudai uamue palepale kwenye kitenzi: jambo lilikufa au lilichelewa tu, aliyezuia ni mtu au sheria, alitumia mikono au karatasi. Ukikosea, umeandika jambo ambalo halikutokea, na mtu aliye upande wa pili wa barua ataamini ulichoandika.

Wengi wetu tulikariri shuleni kwamba "zuia" ni "prevent", basi. Naomba uliweke hilo kando. Njia ninayoieleza hapa haianzi na kamusi. Inaanza na maswali, na kamusi huja baadaye.

Uliza kwanza: mwishowe jambo lilitokea?

Swali hili ndilo linaloamua mengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mfanyabiashara mmoja wa mananasi ya Kiwangwa alipakia lori kwenda kwa mnunuzi wa Nairobi wakati wa masika. Lori likakwama kwenye tope kabla ya kufika lami, likanasuliwa kesho yake. Akiwa bado hapo njiani akamwandikia mnunuzi: "The rain prevented us from delivering the pineapples." Moyoni alikuwa anasema mvua imetuzuia, tuvumilie kidogo. Mnunuzi akasoma kwamba mananasi hayaji. Akachukua mzigo wa mtu mwingine, na lori lilipoingia Nairobi hapakuwa na wa kulipokea. Yule bwana aliniletea simu yake niusome ule ujumbe, akasisitiza kwamba hakusema uongo. Kwa Kiswahili kweli hakusema uongo. Kwa Kiingereza alikuwa ameufuta mzigo wake mwenyewe. Angeandika "The rain has delayed us" au "The rain has held us up", mnunuzi angesubiri.

Kipimo chake ni rahisi. Iongezee sentensi yako maneno "lakini mwishowe". "Mvua ilituzuia kufika, lakini mwishowe tukafika" haimshangazi mtu yeyote wa pwani wala wa bara. "The rain prevented us from arriving, but in the end we arrived" inajipinga yenyewe. Kama "lakini mwishowe" yako ni ya kweli, toka kwenye "prevent" uingie kwenye "hinder", "hamper", "impede", "delay" au "hold up". Kama jambo lilizimika kabisa, hapo ndipo pa "prevent", "stop", "block", na kwa njama au mpango wa mtu, "foil" na "thwart". Kwa mfano, wezi waliokurupushwa kabla hawajavunja komeo la duka: "The robbery was foiled." Mipango yao imetiwa mchanga kitumbua, na hawakuondoka na kitu.

Tofauti hii imewahi kufikishwa hadi juu kabisa mahakamani. Mwaka 1917, huko London, mahakama ya juu ya Uingereza, wakati ule ikiwa ni House of Lords, iliamua kesi ya Tennants dhidi ya Wilson. Muuzaji alikuwa ameahidi kemikali ya magnesiamu kloraidi, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa inatoka Ujerumani, na Vita Vikuu vya Kwanza vikaikata njia hiyo. Mkataba ulimruhusu asimamishe kupeleka bidhaa kama vita "vingezuia", na ulikuwa umetaja maneno yote mawili, "prevent" na "hinder". Kiasi fulani cha kemikali bado kilipatikana kwingine, lakini hakikutosha kuwapa wateja wote. Waheshimiwa wale walieleza kwamba "prevent" ni kulifanya jambo lisiwezekane, na "hinder" ni chini ya hapo: kulifanya liwe gumu, gumu hasa. Muuzaji akanusurika kwa neno "hinder". Ukifasiri mkataba wowote wenye kifungu cha majanga, vita au mafuriko, na Kiswahili chake kikasema "kuzuia", usiruke. Muulize mwenye mkataba anamaanisha kipi, au andika yote mawili kama walivyofanya wale.

Kati ya "hinder", "hamper" na "impede" usijitese sana. "Hamper" hupenda kazi na juhudi: "Heavy rain hampered the rescue." "Impede" ina mguu ndani yake, kwa asili ya Kilatini, na bado inapenda mwendo na njia. Kanuni ya 12 ya mpira wa miguu inaitumia kwa mchezaji anayekaa njiani kwa mwenzake bila kuucheza mpira: bila kugusana ni adhabu isiyo ya moja kwa moja, wakigusana ni ya moja kwa moja. "Hinder" hukaa popote. "Obstruct" ni kuweka kitu au mwili katikati ya njia, na haijali kama ulifaulu. Ndiyo maana mtu anaweza kushtakiwa kwa "obstructing a police officer" hata kama askari alimkamata mtuhumiwa wake dakika tano baadaye.

Binti mmoja aliyekuwa anaomba ufadhili aliandika kwamba ukosefu wa ada "prevented my education", huku amebana cheti cha kidato cha sita kwenye barua hiyohiyo. Msomaji wa kule angejiuliza cheti kimetoka wapi. Tuliweka "interrupted my education", kwa kuwa masomo yake yalikatika kisha yakarudi, tukataja na mwaka alioukosa. Barua ikawa na nguvu zaidi, kwa sababu sasa ilionyesha kwamba alirudi darasani.

Kisha uliza: lilikuwa limeshaanza?

"Prevent" inakaa kabla ya jambo. Tazama jina la TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kwa Kiingereza ni "Prevention and Combating of Corruption Bureau", vitenzi viwili kwa hali mbili: rushwa ambayo haijatolewa unaizuia, iliyokwisha kutolewa unapambana nayo. Kliniki za wajawazito nazo hivyohivyo: kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ni "prevention", kwa kuwa mtoto bado ni mzima.

Jambo likishaanza, una "stop" ukitaka likome, na una kundi jingine ukitaka lipungue tu. "Curb" ni kupunguza kasi au kiwango. "Contain" ni kulizungushia lisienee, kama moto wa pori au kipindupindu. "Control" ni kulishika mkononi. Waandishi wa habari huandika "serikali yazuia mfumuko wa bei", na mtu akaweka "prevents inflation" wakati bei za unga zinapanda kila mtu akiona. Hapo weka "curbs".

Kwenye karatasi za dawa utakutana na "inhibit". Omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo inayojulikana hata kwenye maduka ya mitaani, iko kwenye kundi la "proton pump inhibitors": inapunguza kazi ya chembe zinazotoa asidi tumboni. Kiwanda hakijafungwa, kinazalisha kidogo. Kwa hiyo ukimfasiria mgonjwa, "inapunguza utoaji wa asidi" inamsaidia kuliko "inazuia asidi", kwani mgonjwa akisikia "inazuia" na bado kiungulia kipo, ataitupa dawa.

Kisha uliza: nani, na kwa nguvu gani?

Hapa ndipo Kiingereza kinapochambua kweli.

Sheria inapozuia, ni "ban", "prohibit" au "forbid". Maneno haya hayasemi kama watu walitii. Uvuvi wa mabomu ulikatazwa Tanzania na sheria ya uvuvi ya 1970, lakini milio iliendelea kusikika pwani yetu kwa miongo. Kwa hiyo "Serikali ilizuia uvuvi wa mabomu mwaka 1970" ni "banned blast fishing in 1970". Ukiandika "prevented", msomaji wa ng'ambo ataelewa kwamba matumbawe yetu yalipona mwaka ule. Nimeliona kosa hili kwenye andiko la mradi, na lilikuwa linaua hoja ya mradi wenyewe: kama mabomu yaliisha 1970, fedha za doria zinaombwa za nini?

Hofu inapozuia, ni "deter". Faini kubwa, mbwa mkali, kamera dukani. "Deter" haigusi mwili wa mtu, inagusa hesabu anayoipiga kichwani.

Mikono inapozuia, ni "restrain" au "hold back". Watu wawili wamegombana sokoni, majirani wakamshika mmoja asimrukie mwenzake: "The neighbours restrained him." Neno hili linataka kiumbe mwenye nguvu zake anayesukuma kwenda mbele, iwe mtu, ng'ombe anayechanjwa, au hasira yako mwenyewe. Mvua hairestreini lori. Na usilichanganye na ndugu yake "refrain", ambayo ni mtu kujizuia mwenyewe. Tangazo la "Please restrain from smoking" nimeliona zaidi ya mahali pamoja. Linalotakiwa ni "Please refrain from smoking".

Dola inapozuia, kuwa makini sana, maana uhuru wa mtu uko kwenye neno. "Alikamatwa" ni "was arrested", tukio la dakika moja. "Polisi wanamshikilia" ni "is being held by police" au "is in police custody", hali inayoendelea. "Yuko rumande" ni "remanded in custody", na maana yake hakimu ameshaamuru. "Aliwekwa kizuizini" ni "detained", na kwa historia yetu mara nyingi ni bila kesi. Tanganyika ilitunga mwaka 1962 sheria iliyoitwa kwa Kiingereza "Preventive Detention Act", na Kenya chini ya Waingereza, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ilikuwa na makambi kama Manyani na Hola ambako watu waliitwa "detainees". Hawakuitwa wafungwa kwa sababu wengi wao hakuna mahakama iliyowahukumu. Ukiandika habari za mzee aliyekaa Manyani ukamwita "prisoner" au "convict", umemtia hatiani kwa kalamu. Wajukuu zake watasoma hivyo.

Mahakama nayo ina karatasi zake. "Zuio la mahakama" ni "injunction", na la muda ni "temporary injunction". "Restraining order" hutumika zaidi pale mtu anapoamriwa asimkaribie mwenzake. "Pingamizi" ni "objection". "Kuzuia utekelezaji wa hukumu" ni "stay of execution", na hapo mtulize mteja mapema, maana akisikia "execution" kwenye kesi ya kiwanja atadhani kuna mtu ananyongwa.

Bado kuna kuzuia kwa kushikilia haki ya mtu. Mshahara umezuiwa, matokeo ya mtihani yamezuiliwa, maiti imezuiwa hospitali kwa sababu ya deni. Yote haya ni "withhold": kitu kipo, mwenyewe anakijua, aliyenacho hakitoi. Walipa kodi wanalijua neno hili bila kujijua, kwani kodi ya zuio ni "withholding tax", fedha inayokatwa na mlipaji kabla haijakufikia. Kwa maiti naandika "The hospital is refusing to release the body", kwa sababu "withhold" peke yake inasikika baridi mno kwa familia inayotaka kuzika.

Mkia wa kitenzi

Ukishapata neno, angalia kinacholifuata. "Prevent", "stop", "ban", "bar", "prohibit", "deter" na "discourage" hufuatwa na "from" na kitenzi chenye "-ing": "They stopped him from leaving." Usiandike "prevented him to leave", ambayo ni Kiswahili kilichovaa koti. "Forbid" ndiyo inayopenda "to": "She forbade him to leave."

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye "keep". "The rain kept us from playing" ni mvua ilituzuia kucheza. Ondoa "from", ikawa "The rain kept us playing", na sasa mvua ndiyo iliyotufanya tuendelee kucheza. Neno moja dogo linaigeuza sentensi nzima. Mtego wake wa pili ni "stop": "He stopped smoking" ameacha sigara, "He stopped to smoke" amesimama ili avute.

Maneno ya zamani yanayogeuka

Wazee wa kanisa na wanafunzi wa sheria watakutana na "let" yenye maana ya kuzuia. Ndiyo, "let" hiyohiyo ya kuruhusu, ingawa kwa asili yalikuwa maneno mawili yaliyokuja kufanana. Pasipoti ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", yaani bila kizuizi wala kikwazo, na nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola zimerithi maneno hayo. Kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu na kuanguka ndani huitwa "let", unarudiwa.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "he who now letteth will let" katika Wathesalonike wa Pili 2:7. Anayesoma kwa Kiingereza cha leo ataona mtu anayeruhusu, kumbe Biblia yetu ya Union inasema wazi "yuko azuiaye sasa". Barua ya kwanza, 4:15, ina "prevent" ambayo haizuii chochote: wakati ule ilikuwa na maana ya kutangulia, kutokana na Kilatini cha kuja mbele, na Union imeandika "hatutawatangulia". Mhubiri akikuletea mahubiri ya zamani umfasirie, weka Union pembeni. Walioifasiri walijua walichokuwa wanafanya.

Vifaa

Kwenye vitenzi Kiswahili kinabana matumizi, lakini kwenye majina ya vifaa vya kuzuilia kina mengi, na hapa Bagamoyo tuna sababu ya kuyajua. Anayeandika kibao cha historia ya biashara ya watumwa asirundike yote chini ya "chains". Mnyororo ni "chain". Pingu za miguuni ni "fetters" au "leg irons", za mikononi ni "manacles", na za polisi wa leo ni "handcuffs". "Shackles" inafaa kwa zote.

Kongwa ndilo gumu. Ni mti mrefu wenye panda: shingo iliingizwa kwenye panda, ikafungiwa kwa nyuma kwa kijiti au chuma, na uzito wa mti ukaning'inia mbele ya mtu njia yote kutoka bara. Ukiandika "yoke" tu, Mwingereza anaona nira ya ng'ombe wawili wakilima. Naandika "forked slave yoke", kisha naongeza sentensi moja inayoeleza panda na shingo, na neno "kongwa" lenyewe nalibakiza kwenye kibao. Mgeni atakayesimama pale anastahili kulijua kwa jina lake.

Mkatale, ule ubao wenye matundu ya miguu aliofungiwa Paulo na Sila katika Matendo 16, ni "stocks", daima kwa wingi. Ukiandika "stock" moja umeandika mali ya dukani.

Farasi hawakuwa wengi kwetu, ila lijamu na hatamu tunazo. Zaburi ya 32 imezitaja zote mbili kama vitu vya kumzuia farasi na nyumbu, na Kiingereza chake ni "bit and bridle". Kutoka kwenye hatamu Waingereza wakapata "rein in", kuvuta ili kupunguza. Sisi tukapata "kushika hatamu", ambayo ni kuongoza. Kwa hiyo katika nyaraka za enzi za chama kimoja, "Chama kushika hatamu" usiipeleke kwenye "rein in". Ni "the Party taking the reins", na kwenye maandishi ya katiba ni "party supremacy". "Rein in" iwekee bajeti ya halmashauri iliyopita kiasi.